Kukodi gari la safari: bei ya siku si bei ya gari

SWALI: Mwezi ujao tunasafiri familia ya watu watano: watu wazima watatu na watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 7. Tutachukua gari uwanja wa ndege katika mji mmoja na kulirudisha mji mwingine baada ya siku 10, tukitembea kama kilomita 1,800. Madereva tutakuwa wawili, mimi na mdogo wangu mwenye miaka 23. Nimepata kampuni mbili. Ya kwanza inatoza 30 kwa siku, ya pili 55. Ile ya kwanza inavutia lakini moyo unasita. Nichagueje, na niangalie nini?

JIBU: Ndugu msomaji, moyo wako unasita kwa haki. Kwa maelezo uliyotoa, kuna uwezekano mkubwa kwamba hiyo ya 55 ndiyo itakayokuwa nafuu kwako. Bei ya siku ni namba moja tu kati ya namba nane au tisa zinazounda bili ya gari la kukodi, na ndiyo namba ambayo kampuni huishusha kuliko zote, kwa sababu mitandao ya kulinganisha bei mara nyingi hupanga kampuni kwa kuifuata. Pengo hilo hufidiwa kwingine: kwenye kilomita, dereva wa pili, kiti cha mtoto, bima inayouzwa kaunta, mkwaruzo wa bampa. Kwa hiyo weka mkataba mmoja kando ya mwingine, na uulize kila mmoja maswali mawili: utanidai kiasi gani safari ikienda salama, na utanidai kiasi gani ikienda kombo?

Tuanze na safari salama. Namba zifuatazo, ukiacha zile 30 na 55 zako, ni za mfano. Ukipata za kwako ziweke mahali pake.

Kampuni ya kwanza: siku 10 kwa 30 ni 300. Mkataba unaruhusu kilomita 100 kwa siku, yaani 1,000 kwa safari nzima. Wewe utatembea 1,800, kwa hiyo 800 zilizozidi, kwa 0.25 kila moja, ni 200. Kurudisha gari mji mwingine, 120. Dereva wa pili, 8 kwa siku, ni 80. Nyongeza ya dereva aliye chini ya miaka 25, 12 kwa siku, ni 120. Viti viwili vya watoto, 10 kwa siku, ni 100. Tozo ya kuchukulia gari uwanja wa ndege, 35. Jumla 955.

Kampuni ya pili: siku 10 kwa 55 ni 550. Kilomita hazina kikomo. Kurudisha mji mwingine, 90. Dereva wa pili hatozwi. Nyongeza ya dereva kijana, 10 kwa siku, ni 100. Viti vya watoto, 6 kwa siku, ni 60. Tozo ya uwanja wa ndege imo ndani ya bei. Jumla 800.

Unaona jinsi ile iliyoonekana karibu nusu ya bei inavyogeuka kuwa ghali. Safari yako ina karibu kila kitu kinachoongeza gharama: mwendo mrefu, miji miwili, madereva wawili, kijana mmoja, watoto wawili. Mtu anayekodi peke yake, akizunguka mji mmoja siku tatu, hesabu yake inaweza kuipa ushindi ile ya 30. Ndiyo maana ushauri wa jirani kwamba "kampuni fulani ni nafuu" haukusaidii mpaka ujue yeye alisafiri vipi.

Kuna namba nyingine ambayo watu huisahau: saa. Kwa kampuni nyingi siku ya kukodi si siku ya kalenda, ni saa 24 tangu dakika ulipochukua gari. Ukichukua saa nne asubuhi, unatakiwa kurudisha saa nne asubuhi ya siku ya mwisho. Ukifika saa sita mchana umeingia siku ya 11, na mara nyingi siku hiyo ya nyongeza hutozwa kwa bei ya juu kuliko ile uliyowekea nafasi. Kampuni nyingi huvumilia kuchelewa kidogo, baadhi dakika 29, baadhi 59, na nyingine haziachii hata dakika. Andika saa ya kuchukua ambayo utakuwa umeshatoka kwenye foleni ya mizigo. Ukiandika saa ileile ndege inapotua, saa nzima itaisha hujaugusa usukani.

Siku mambo yakiharibika

Hapa ndipo kampuni hutofautiana kweli, na ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi.

Utaambiwa gari lina bima. Usiridhike na neno hilo. Uliza eksesi ni kiasi gani, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla bima haijatoa chochote. Tuseme ya kwanza ina eksesi ya 1,800 na ya pili 900. Gari likigongwa vibaya, kwa kampuni ya kwanza umetumia 955 na 1,800, jumla 2,755. Kwa ya pili ni 800 na 900, jumla 1,700. Mkwaruzo wa mlangoni ambao fundi anautengeneza kwa 700 utaulipa wote katika kampuni zote mbili, kwa sababu hasara hiyo haijafika kwenye eksesi. Watu wengi hudhani bima inaingia kila gari linapoguswa. Kwa hasara ndogo haiingii kabisa.

Bima ya gari lenyewe na bima ya wale utakaowaumiza ni vitu viwili. Katika nchi nyingi za Ulaya bei ya msingi huja na vyote viwili, ila eksesi ya gari ni kubwa. Marekani mambo ni tofauti: kinga ya gari lenyewe mara nyingi huuzwa kando, na kiwango cha kulipa watu wengine kinaweza kuwa kile cha chini kabisa kinachotakiwa na sheria ya jimbo. Uliza vyote viwili kwa namba. Kama jibu ni "una bima kubwa", uliza tena.

Kisha fungua ukurasa wa vitu ambavyo bima haigusi. Orodha hiyo hufanana karibu kila mahali: matairi na rimu, vioo vyote pamoja na kioo cha mbele, paa, uvungu wa gari, klachi iliyoungua, funguo zilizopotea, mafuta yasiyo sahihi, na mambo ya ndani kama viti vilivyochanika. Ukiangalia vizuri utagundua kwamba ndivyo vitu vinavyoharibika kwa urahisi zaidi safarini. Jiwe kutoka kwa lori la mbele linapasua kioo. Shimo linachana ubavu wa tairi. Tuta lililofichika linakwangua uvungu na kutoboa sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kama barabara zako zina vipande vya changarawe, kinga ya vioo, matairi na uvungu ina thamani kuliko vitu vingi utakavyouziwa.

Kuna pia mambo yanayofuta bima nzima hata kama iliandikwa vizuri: dereva ambaye jina lake halimo kwenye mkataba, pombe, kutoka nje ya barabara zinazoruhusiwa, kuacha ufunguo ndani ya gari likaibwa, na kutotoa taarifa. Mikataba mingi hudai ripoti ya polisi na simu kwa kampuni ndani ya muda maalumu, mara nyingi saa 24. Kwa hiyo mdogo wako asiendeshe hata kilomita tano za kukupokea ukishikwa na usingizi kabla jina lake halijaandikwa. Ada ya dereva wa pili si pesa ya kubania.

Hata bima ikilipa, angalia kama kampuni inaruhusiwa kukudai ada ya kushughulikia ajali na fidia ya siku ambazo gari litalala gereji bila kuingiza pesa. Vifungu hivi hukaa mbali na ukurasa wa bei. Fidia ya siku za gereji isiyo na kikomo ni sababu tosha ya kuiacha kampuni.

Sasa, kaunta watakuuzia kinga ya kuondoa eksesi. Je, ununue? Njia ni tatu. Ya kwanza ni kununua kwao: ni ghali, mara nyingi inakaribia au kuzidi bei ya gari lenyewe kwa siku, lakini ukipata ajali unakabidhi funguo na kuondoka, na dhamana, yaani pesa wanayoshikilia kwenye kadi yako, hupungua. Ya pili ni kununua bima ya kurudishiwa eksesi kutoka kampuni ya bima ya nje au kwa wakala uliyewekea nafasi. Hii ni nafuu zaidi, na mara nyingi hujumuisha vioo na matairi. Lakini ielewe: kampuni ya gari haiitambui. Itakata eksesi kwenye kadi yako kwanza, kisha wewe ndiye utakayekusanya mkataba, ankara ya matengenezo, picha na ripoti, na kuwadai waliokuuzia. Ya tatu ni kadi za mkopo zenye kinga ya magari ya kukodi. Hizo zina masharti yake, kama kulipia gari lote kwa kadi hiyohiyo na kukataa kinga ya kaunta. Kwa mwenye akiba ya kutosha kwenye kadi na subira ya makaratasi, njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza. Kwa asiye na akiba hiyo, alipe kaunta, na kabla ya kutia sahihi aulize: "Baada ya kulipa hii, eksesi inakuwa sifuri, au inapungua tu? Na vioo, matairi na uvungu vimo?"

Dhamana na kadi

Watu wengi hukataliwa kaunta kwa sababu ya kadi. Kampuni hushikilia kiasi fulani kwenye kadi yako mpaka gari lirudi. Hazikichukui, lakini huwezi kukitumia. Kiasi hicho mara nyingi huendana na eksesi, hivyo gari la 30 kwa siku linaweza kukufungia pesa kuliko la 55. Kadi inatakiwa iwe na jina la dereva mkuu, iwe ya plastiki mkononi, na kampuni nyingi hutaka iwe kadi ya mkopo. Pale wanapokubali kadi ya kawaida ya benki, wengine hukulazimisha ununue kinga yao yote, na pesa huchelewa kurudi: siku kadhaa kwa kadi ya mkopo, wiki mbili au zaidi kwa kadi ya benki. Kama pesa ya malazi na chakula iko kwenye kadi hiyohiyo, safari itakwama siku ya kwanza. Beba kadi mbili.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au sarafu ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo. Ukichagua ya nyumbani, kiwango cha kubadilishia fedha anakiweka mwenye mashine, na huwa hakikufai.

Unakodi kwa nani hasa?

Majina mengi, wenyewe wachache. Hertz inamiliki Dollar na Thrifty. Avis na Budget ni kundi moja. Enterprise, National na Alamo ni nyumba moja. Ukilinganisha Dollar na Thrifty unalinganisha mikoba miwili ya tajiri mmoja, na katika viwanja vingine vya ndege magari hutoka yadi ileile. Kwa upande mwingine, tawi lenye jina kubwa linaweza kuwa la mfanyabiashara wa hapo aliyekodi jina tu; magari ni yake, na tabia za kaunta ni zake. Kwa hiyo maoni ya wateja yasome ya tawi lile utakalochukulia, na uyasome ya miezi sita ya mwisho. Usihangaike na nyota tano wala na hasira ya aliyechelewa ndege. Tafuta maneno yanayojirudia: mkwaruzo, dhamana, kadi, foleni, gari tofauti. Wateja watano wasiojuana wakieleza kudaiwa mkwaruzo uleule wa rimu, hilo ni jibu.

Ukiweka nafasi kupitia tovuti ya wakala, unakuwa na mikataba miwili: mmoja na wakala, mwingine na mwenye gari. Wakala huwa na bei nzuri na husaidia kufuta safari. Lakini jambo likitokea barabarani, mwenye gari ndiye anayeamua, na masharti yanayokubana ni yale ya kaunta. Pakua masharti ya mwenye gari kabla ya kulipa. Kama tovuti haikuonyeshi nani mwenye gari mpaka ulipe, iache.

Kabla ya kuchagua, ziandikie kampuni zote mbili barua pepe moja yenye maswali machache: jumla yote pamoja na kodi, kurudisha mji mwingine, madereva wawili na viti viwili ni kiasi gani? Eksesi ni kiasi gani, na nini hakimo kwenye bima? Dhamana ni kiasi gani, kwa kadi ya aina gani, na inarudi baada ya siku ngapi? Kilomita zina kikomo? Mafuta yanarudishwaje? Gari likikwama usiku mbali na mji, nani anakuja, na gari la kubadilisha linapatikana ndani ya saa ngapi? Majibu ya maandishi yatakulinda baadaye. Na kampuni inayojibu swali la eksesi kwa kukwepa, au inayokujibu "usijali", ndivyo itakavyokujibu ukiwa umekwama.

Gari lenyewe

Picha kwenye tovuti si ahadi. Kinachoahidiwa ni kundi, na kundi huandikwa kwa herufi nne zinazotumiwa na kampuni nyingi duniani. Herufi ya kwanza ni ukubwa: E dogo, C la kati kidogo, I la kati, S kubwa kidogo, F kubwa. Ya pili ni umbo: C au D gari la kawaida, W lenye buti refu, V basi dogo la abiria, F gari la juu. Ya tatu ni gia: M ya mkono, A otomatiki, N ya mkono yenye nguvu magurudumu manne, B otomatiki yenye nguvu magurudumu manne. Ya nne ni mafuta na kiyoyozi: R ina kiyoyozi, N haina. Kwa hiyo IVMR ni gari la kati la viti vingi, gia ya mkono, lenye kiyoyozi. Kama nyote wawili mmezoea otomatiki, herufi ya tatu ikiwa M mtapewa gia ya mkono na hamtakuwa na pa kulalamikia.

Watu watano wenye mizigo ya siku 10 hawatoshi vizuri kwenye gari dogo la viti vitano. Viti viwili vya watoto hula upana wa kiti cha nyuma, na mtu mzima wa tatu atakaa kati amebanwa kilomita 1,800. Chukua la viti saba, lakini ujue kwamba safu ya tatu ikisimamishwa buti karibu linaisha, linabaki la begi moja au mawili ya mkononi. Mpango unaofanya kazi ni kulaza nusu ya safu ya tatu: mtu mmoja akae huko, mizigo ichukue upande wa pili. Uliza kama safu hiyo inalala vipande viwili au inalala yote kwa pamoja.

Viti vya watoto viombe kwa uzito na urefu, usiombe kwa umri peke yake. Wa miaka 3 anahitaji kiti chenye mikanda yake. Wa miaka 7 kwa kawaida kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite begani na usimkate shingoni. Uliza kama gari lina vishikio vya Isofix, yaani vyuma vya kufungia kiti cha mtoto, na kwenye viti vipi. Viti vya kampuni mara nyingi huja bila kitabu cha maelekezo, vimechakaa, na mfanyakazi hakufungii. Kama shirika la ndege linabeba kiti cha mtoto bure, njoo na chako.

Leseni na umri

Miaka 21 ndiyo umri wa chini wa kawaida, na chini ya 25 huwa na nyongeza. Makundi makubwa na ya kifahari yanaweza kumkataa mtu wa miaka 23 kabisa. Hakikisha hilo kwa gari la viti saba hasa. Kampuni nyingi pia hutaka leseni iwe na angalau mwaka mmoja.

Kibali cha kimataifa cha kuendesha kipo cha aina mbili kubwa: cha Mkataba wa Geneva wa 1949, kinachodumu mwaka mmoja, na cha Mkataba wa Vienna wa 1968, kinachoweza kufika miaka mitatu. Nchi nyingine hukubali aina moja tu. Japani, kwa mfano, hutambua cha 1949. Hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, kabla hujasafiri, na bila leseni yako halisi ni karatasi tu.

Mkivuka mpaka mnahitaji ruhusa ya maandishi ya kampuni na bima inayotambulika upande wa pili, kama Kadi ya Kijani kwa nchi za Ulaya na nyingine zilizomo kwenye mpango huo, au Kadi ya Njano ya COMESA kwa nchi zake. Feri nayo huhitaji ruhusa katika mikataba mingi.

Siku ya kuchukua

Tenga dakika 20, na usikubali kuharakishwa na mwenye funguo. Anza video kwenye namba ya gari, zunguka gari lote bila kukata, kisha malizia kwenye dashibodi injini ikiwa imewashwa, kilomita na geji ya mafuta zikionekana. Baada ya hapo piga picha za karibu: kila rimu, pembe nne za bampa, kingo za milango, vioo vya pembeni, kioo cha mbele, paa. Chuchumaa upige uvungu wa mbele, kwa sababu mikwaruzo ya chini ya bampa haionekani ukiwa umesimama na ndiyo inayotafutwa wakati wa kurudisha. Gari likiwa limelowa maji ya kuoshwa, omba lifutwe. Maji huficha mikwaruzo. Kama ni usiku, lisogeze chini ya taa.

Kisha linganisha na fomu. Kila kovu usiloliona kwenye fomu liandikwe, na mfanyakazi atie sahihi. "Hicho kidogo hatukihesabu" ni maneno ya mdomo. Atakayepokea gari mji wa pili ni mtu mwingine, hakuyasikia. Safari yako ya miji miwili inalifanya hili kuwa muhimu mara dufu.

Matairi: ubavuni kuna alama DOT inayoishia na tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi lenye zaidi ya miaka sita liangalie nyufa ubavuni, na lenye kumi likatae. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo; kashata, yaani mpira unaogusa barabara, ikifika usawa wa vinundu hivyo, kina kimebaki karibu milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha mwisho kisheria Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya. Mvua ikinyesha, tairi la namna hiyo haliwezi kusukuma maji. Fungua buti uone spea, jeki na spana. Magari mengi mapya hayana spea kamili, yana tairi jembamba la muda lisilopaswa kuzidi kilomita 80 kwa saa, au chupa ya dawa ya kuziba ambayo haisaidii kitu ubavu ukichanika. Kwa njia ya mbali na miji, omba gari lenye spea kamili.

Washa swichi bila kuwasha injini: taa za injini, breki na mifuko ya hewa zinatakiwa ziwake, kisha zizime injini ikiwaka. Taa inayobaki imewaka, breki ya mkono ikiwa imeachiwa, ni kasoro. Taa ambayo haiwaki kabisa nayo ni kasoro, huenda imezimwa ili tatizo lisionekane. Katika hali zote mbili omba gari jingine.

Tazama ndani ya kifuniko cha tangi kama ni petroli au dizeli, na umwonyeshe mdogo wako. Mafuta yakikosewa, msiwashe injini kabisa. Pampu ikishayavuta, gharama hupanda kutoka kumwaga tangi hadi kubadilisha mfumo mzima wa mafuta.

Mafuta na kurudisha

Chagua tangi likiwa limejaa, na ulirudishe limejaa. Mpango wa kulipia tangi zima mwanzoni na kurudisha tupu hukupa hasara, maana huwezi kufika ukiwa na tangi lililokauka, na kinachobaki hurudishiwi. Jaza kituo cha karibu na mwisho wa safari, ndani ya kilomita 10 hivi, na utunze risiti yenye saa. Geji ya magari mengi hubaki juu kwa kilomita kadhaa baada ya kujaza, lakini kampuni nyingine husoma lita kamili kwa kifaa kilichomo ndani ya gari. Usitegemee mshale.

Rudisha saa za kazi. Ukitumbukiza funguo kwenye sanduku usiku, kwa mikataba mingi gari linabaki mikononi mwako mpaka ofisi ifunguliwe asubuhi, na aliyeligonga saa nane usiku amekugongea wewe. Omba ukaguzi mbele yako na karatasi inayosema gari limepokelewa bila madai. Wakikataa kwa sababu ya foleni, rudia video ileile na umwombe mfanyakazi akuandikie saa ya kupokea. Futa simu yako kwenye redio ya gari kabla hujatoka. Majina na anwani zako zimebaki humo.

Nyaraka zote zitunze miezi sita. Faini za kamera na za maegesho huchelewa, na kampuni huongeza ada yake ya kutoa jina lako kwa mamlaka; hiyo si faini yenyewe na hulipwa kando. Pesa iliyoshikiliwa isiporudi kwa muda uliotajwa, andikia kampuni kwanza na unukuu mkataba. Ukikatwa kwa kovu usilolitambua, dai vitu vitatu kwa maandishi: picha yenye tarehe, fomu ya kuchukua na ya kurudisha, na ankara ya fundi badala ya makadirio. Wasipojibu ndani ya siku 14, peleka pingamizi kwenye benki iliyotoa kadi ukiambatanisha video ya mwanzo na ya mwisho. Muda wa kupinga malipo ya kadi mara nyingi ni siku 120, na kwa benki nyingine ni mfupi zaidi, kwa hiyo usiendelee kuandikiana na kampuni mpaka muda huo ukupite.